Boksi la mipaka kwenye ramani: mwongozo kamili kwa ambaye kila akijaribu anaishia baharini

Nimeamua kuliandika hili kwa urefu maana naona watu wanakwama palepale. Mtu ana namba zake nne, kaziweka kwenye programu, kabonyeza kitufe, afu anapata ramani tupu, au anapata bahari, au anapata dunia nzima wakati alitaka eneo dogo tu. Anafuta, anaanza upya, anabadilisha namba moja moja kwa kubahatisha, na siku ikikubali hajui kwa nini imekubali, kwa hiyo akihamia programu nyingine anarudi kulekule.

Mara nyingi namba zenyewe hazina kosa lolote, kosa ni kwamba zimesafiri bila majina. Ukiniandikia 43.1, -25.7, 50.6, -11.9 peke yake hujaniambia kitu, mpaka useme ipi ni upande gani na zimepimwa kwa kipimo gani. Karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye jambo hilo hilo.

Boksi la mipaka (bounding box, kwa kifupi bbox) ni mstatili tu unaolizunguka eneo lako: upande wa magharibi, wa kusini, wa mashariki na wa kaskazini. Longitudo mbili, latitudo mbili, basi. Mfano wangu mwanzo hadi mwisho ni kisiwa cha Madagaska, na nimekichagua makusudi kwa sababu kipo kusini ya ikweta, latitudo zake zote ni hasi, na kwenye hasi ndo wengi wanapotelea.

## Vitu vya kuwa navyo

- QGIS, programu ya kutengeneza ramani. Ni ya bure na inakuonyesha boksi kwa macho, hata kama kazi yako yenyewe unaifanyia kwenye kodi za programu (code).
- GDAL, zile komandi za terminali za kuchakata data ya ramani. Ukiinstoo QGIS kwenye Windows zinakuja humohumo.
- Leya (tabaka moja la data ya ramani) ya mipaka ya nchi au ya pwani, yoyote ile unayoiamini, ya kuweka chini ili uone boksi limeangukia wapi.
- Namba ya EPSG ya data yako, yaani namba inayotambulisha mfumo wa kodineti uliotumika kupima. Kama huijui usijali, hatua ya 2 inahusu hiyo.
- Faili ya maandishi ya kawaida ya kuandikia namba. Usitumie programu ya majedwali kwa hili, maana kuna kompyuta zimesetiwa kuandika desimali kwa koma, 43.1 inageuka 43,1, na ukikopi namba nne zenye koma unapata namba nane.

## Hatua ya 1: Andika majina kwanza, namba baadaye

Fungua ile faili ya maandishi, andika hivi:

`magharibi = 43.1`
`kusini = -25.7`
`mashariki = 50.6`
`kaskazini = -11.9`
`mfumo = EPSG:4326`

Najua inaonekana kama kazi ya darasa la kwanza. Lakini hii ndo nakala mama, programu zote utazipa namba kutoka hapa, na hakuna siku utakopi boksi kutoka programu A kwenda programu B moja kwa moja bila kupitia hapa. Sababu utaiona hatua ya 4.

Sasa angalia kitu kimoja: kusini lazima iwe ndogo kuliko kaskazini. Kwa namba hasi macho yanadanganya, mtu anaona 25.7 anaona 11.9 anasema 11.9 ndo ndogo, anaiweka kusini. Hapana, -25.7 ndo ndogo kuliko -11.9, kwa hiyo -25.7 ndo kusini. Ukizigeuza, programu nyingine zitakurekebishia kimyakimya, nyingine zitakupa matokeo matupu bila kulalamika, na hiyo ya pili ndo inayopoteza siku nzima.

Magharibi nayo iwe ndogo kuliko mashariki, isipokuwa kwenye mstari wa digrii 180 ambao nimeuwekea hatua yake.

Umefanikiwa kama mtu mwingine anaweza kusoma faili yako na kulichora boksi bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 2: Jua namba zimepimwa kwa digrii au kwa mita

Mifumo utakayokutana nayo sana ni mitatu.

EPSG:4326 ni digrii, ndo ile ya GPS. Longitudo haizidi 180 wala kushuka chini ya -180, latitudo haizidi 90 wala kushuka chini ya -90.

EPSG:3857 ni mita, ndo inayotumika na ramani nyingi za kwenye intaneti. Namba zake ukiwa mbali na ikweta na mbali na Greenwich zinakuwa za mamilioni, na mwisho wake ni 20037508.34 kila upande. Boksi letu la Madagaska huku linakuwa magharibi kama 4,798,000, mashariki kama 5,633,000, kusini kama -2,962,000, kaskazini kama -1,334,000.

UTM nayo ni mita, ila dunia imegawanywa kanda 60 na kila kanda ina namba yake ya EPSG. Kipimo cha mashariki huwa na tarakimu sita hivi, na kwa kusini ya ikweta cha kaskazini kinahesabiwa kushuka kutoka 10,000,000, kwa hiyo huoni namba hasi hata ukiwa kusini.

Kwa hiyo ukiitazama namba tu unaweza kukisia. Lakini kukisia ni kwa ajili ya kushtuka, usije ukakisia afu ukaendelea na kazi. Kwenye QGIS kliki leya mara mbili, nenda sehemu ya taarifa, mfumo umeandikwa pale. Kwa GDAL andika `ogrinfo -so -al faili.gpkg` utaona mfumo na pande zote nne.

Ukikosea hapa inakuwaje? Chukua boksi letu la digrii, liambie programu kwamba ni EPSG:3857. Programu inakutii. Inachora boksi lenye upana wa mita 7.5 na urefu wa mita 13.8, na linakaa baharini kwenye Ghuba ya Guinea, mita chache kutoka pale longitudo 0 inapokutana na latitudo 0. Ukiona kazi yako imeishia pale, usihangaike na kitu kingine chochote, rudi kwenye mfumo.

Onyo: kubadilisha jina la mfumo kwenye leya hakubadilishi namba. Kuna kitendo cha kusema "hizi namba ni za mfumo fulani" na kuna kitendo cha kuzihamisha namba kwenda mfumo mwingine, ni vitu viwili tofauti kabisa. Kuhamisha ni hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Pata boksi lenyewe

Kama una leya tayari, pande zake nne programu inazijua, soma tu. Kwenye geopandas (maktaba ya Python) ni `total_bounds`, kwenye PostGIS (hifadhidata ya data ya ramani) ni `ST_Extent(geom)`. Kwenye QGIS kuna zana inaitwa "Extract Layer Extent" inakutengenezea mstatili kama leya mpya.

Ila usiliamini boksi la leya bila kulitazama. Nukta moja tu yenye kosa inatosha kuliharibu. Mfano wa kawaida ni rekodi ambayo kodineti hazikujazwa na mfumo ukaweka 0 na 0, hapo boksi la Madagaska linavutwa mpaka Ghuba ya Guinea na wewe unashangaa kwa nini linafunika kipande kikubwa cha Afrika. Tafuta nukta za sifuri uzitoe kwanza. Na faili za shapefile zina tabia nyingine, ukifuta vitu vya pembeni boksi la zamani linaweza kubaki limeandikwa kwenye faili. Hilo unalirekebisha kwa `ogrinfo leya.shp -sql "RECOMPUTE EXTENT ON leya"`.

Kama huna leya, sogeza ramani mpaka uone eneo lako afu soma pande za skrini, kwenye Leaflet (maktaba ya ramani za kwenye tovuti) ni `map.getBounds().toBBoxString()`. Hii ni ya haraka ila kumbuka unachukua umbo la skrini yako, mwenye skrini pana atapata boksi pana.

Njia ya tatu ndo inayoulizwa sana: nina nukta moja, nataka boksi la kilometa 5 kila upande. Hapa watu wanachukua 5, wanagawanya kwa 111, wanaongeza na kutoa kwenye latitudo na longitudo sawasawa. Kwa latitudo ni sahihi, digrii moja ni kilometa 111 hivi popote ulipo. Kwa longitudo si sahihi, maana mistari ya longitudo inakaribiana kadri unavyoelekea ncha za dunia. Fanya hivi:

`hatua_lat = km / 111.32`
`hatua_lon = km / (111.32 * cos(latitudo))`

Kwa nukta iliyo latitudo -18.9, kilometa 5 ni digrii 0.0449 za latitudo na 0.0475 za longitudo, tofauti ndogo unaweza usiione. Lakini kwenye latitudo 60 longitudo inakuwa 0.0898, mara mbili nzima, na ukitumia ile njia ya mkato boksi lako litakuwa nusu ya upana uliotaka. Angalia pia `cos` ya lugha unayotumia, nyingi zinataka radiani na si digrii, kwa hiyo geuza kwanza.

Namba ukizipata, zikate desimali. Desimali tano kwenye digrii ni kama mita 1 pale ikweta, sioni sababu ya kubeba desimali kumi na nne. Ila ukikata, kata kuelekea nje: magharibi na kusini zishuke, mashariki na kaskazini zipande. Kusini ikiwa -25.6012 na unataka desimali mbili, andika -25.61, usiandike -25.60, maana hiyo ya pili imeshakata kipande cha chini cha eneo lako.

Umefanikiwa kama kila kitu unachokihitaji kipo ndani ya boksi na kuna nafasi kidogo pembeni.

## Hatua ya 4: Panga namba kwa mfuatano anaoutaka unayempelekea

Hapa ndo penyewe, hapa ndo pamewaliza wengi. Hakuna mfuatano mmoja wa dunia nzima. Kila programu ina wake, na nyingine zina miwili ndani ya programu hiyohiyo. Soma taratibu.

Magharibi, kusini, mashariki, kaskazini. Huu ndo unaotumika sana. GeoJSON, muundo wa kuandikia data ya ramani, wanautumia, umeandikwa kwenye RFC 7946 ya mwaka 2016. `gdalwarp -te`, `ogr2ogr -spat`, `ST_MakeEnvelope` ya PostGIS, `box()` ya shapely, OpenLayers, `osmium extract -b`, na kile kiunganishi (API) cha kupakua data ya OpenStreetMap kwa bbox. Kwetu ni `43.1,-25.7,50.6,-11.9`.

Kusini, magharibi, kaskazini, mashariki. Overpass, huduma ya kuuliza data ya OpenStreetMap, wanataka hivi. `-25.7,43.1,-11.9,50.6`.

Kusini, kaskazini, magharibi, mashariki. Nominatim, huduma ya kutafuta mahali kwa jina, wanakurudishia hivi kwenye `boundingbox`, tena kama maandishi na si namba, kwa hiyo zigeuze kuwa namba kabla hujazifanyia hesabu. `-25.7,-11.9,43.1,50.6`.

Magharibi, mashariki, kusini, kaskazini. Zana za uchakataji za QGIS. `43.1,50.6,-25.7,-11.9`. Sasa sikiliza, kwenye taarifa za leya QGIS hiyohiyo inakuandikia kwa mfuatano wa kwanza, kona ya chini kushoto, alama ya nukta mbili (:), afu kona ya juu kulia. Ukikopi kutoka dirisha moja kwenda lingine bila kupanga upya umeshakosea na hujatoka hata kwenye programu. Ndo maana nikasema kila kitu kipitie kwenye nakala mama.

Magharibi, kaskazini, mashariki, kusini. `gdal_translate -projwin`, inaanza kona ya juu kushoto inaishia chini kulia. Huyu ni ndugu wa `gdalwarp` kabisa, na bado wanatofautiana. `43.1 -11.9 50.6 -25.7`.

Kona mbili. Leaflet inataka `[[-25.7, 43.1], [-11.9, 50.6]]`, latitudo mbele. MapLibre, maktaba nyingine ya ramani za tovuti, inataka `[[43.1, -25.7], [50.6, -11.9]]`, longitudo mbele. Ukihamisha kodi kutoka moja kwenda nyingine hii itakupata tu, jiandae.

WMS, yaani njia ya kuiomba seva picha ya ramani, nimeiacha ya mwisho kwa sababu ni ngumu kidogo. Toleo 1.1.1 na EPSG:4326 unaandika longitudo kwanza, `43.1,-25.7,50.6,-11.9`. Toleo 1.3.0 na EPSG:4326 ileile unaandika latitudo kwanza, `-25.7,43.1,-11.9,50.6`. Kilichobadilika ni toleo tu. Kama hutaki kuliwaza hilo, kwenye 1.3.0 tumia `CRS:84` badala ya EPSG:4326, hapo longitudo inatangulia. Hakikisha pia uwiano wa picha unalingana na boksi: boksi letu ni digrii 7.5 kwa 13.8, kwa hiyo picha ya urefu wa pikseli 1000 iwe na upana kama 543. Ukiomba picha ya mraba seva itakupa, ila kisiwa kitakuwa kimetanuka.

Ukizigeuza longitudo na latitudo za Madagaska unapata latitudo 43.1 hadi 50.6 na longitudo -25.7 hadi -11.9. Hiyo ni Bahari ya Atlantiki, magharibi ya Ufaransa na Uhispania, maji matupu. Seva haioni kosa lolote, boksi ni halali, inakujibu kwamba hakuna kitu, na kwa kweli pale hakuna kitu.

Ushauri wangu kwa wanaoandika kodi: tengeneza fanksheni ndogo inayopokea pande nne kwa majina na kukutolea mfuatano wa kila programu. Mistari kama kumi hivi, unaiandika mara moja, hurudii tena kupanga kwa mkono. Mi naona huu ndo muda ulioutumia vizuri kuliko wote kwenye kazi nzima.

## Hatua ya 5: Lichore boksi kabla hujalitumia

Usipakue, usikate, usifute chochote kabla hujaliona boksi kwa macho. Kwenye QGIS tumia zana ya "Create Layer from Extent", weka boksi, weka leya ya nchi chini yake, angalia. Sekunde thelathini tu.

Kama uko kwenye kodi, geuza boksi liwe poligoni ya GeoJSON lenye kona tano, ya tano ikiwa ni ya kwanza imerudiwa ili mstatili ufunge, afu liburute kwenye ramani yoyote.

Jiulize maswali matatu. Limeangukia nchi sahihi? Lina ukubwa unaotegemea? Kuna kitu chako kimebaki nje? Kwa ukubwa piga hesabu ya haraka: urefu wa boksi la Madagaska ni 13.8 mara 111, kama kilometa 1,530. Upana wa boksi pale katikati ni kama kilometa 790. Ukipata kilometa 15 au kilometa 15,000 kuna namba imeruka.

## Hatua ya 6: Kulihamisha boksi kwenda mfumo mwingine

Wengi wanahamisha kona mbili tu, ya chini kushoto na ya juu kulia, wanaziunga wanasema boksi ndo hilo. Kutoka EPSG:4326 kwenda EPSG:3857 hakuna shida, pande zinabaki zimenyooka. Angalia tu kwamba EPSG:3857 inaishia latitudo 85.05 hivi, kwa hiyo boksi linalofika ncha ya dunia halihamishiki hadi ulikate kwanza.

Kwenda UTM ni habari nyingine, kwa sababu mistari iliyonyooka kwenye digrii inapinda kwenye mita. Nimepiga hesabu kwa boksi letu kwenda EPSG:32738, ambayo ni kanda ya 38 kusini. Ukitumia kona mbili tu, upande wa magharibi unapoteza kama kilometa 16 kule juu, maana longitudo 43.1 iko mbali zaidi na katikati ya kanda pale karibu na ikweta kuliko kule kusini. Upande wa kaskazini unapoteza kama kilometa 6, kusini kama 10.6. Hata ukitumia kona zote nne bado kaskazini kunabaki pengo la kama mita 700, maana sehemu ya juu kabisa ya ule mstari haipo kwenye kona yoyote, ipo longitudo 45 katikati ya kanda.

Dawa yake ni kuongeza nukta nyingi kwenye kila upande, kuzihamisha zote, afu kuchukua ndogo na kubwa. Huna haja ya kuandika mwenyewe, maktaba ya Python ya pyproj ina `transform_bounds` na rasterio wanayo pia kwa jina hilohilo, kwa kawaida wanaongeza nukta 21 kwa kila upande. Kwenye pyproj weka `always_xy=True` unapotengeneza kigeuzi, la sivyo EPSG:4326 itataka latitudo kwanza na utarudi kwenye matatizo ya hatua ya 4.

Kwa boksi la ukubwa wa mtaa tofauti ni ndogo sana, ila tumia fanksheni hiyohiyo, haina gharama.

Na ukilihamisha liende lisirudi. Kila safari linapanuka kidogo, kwa sababu kila safari unachora mstatili mpya unaozunguka umbo lililopinda. Ukitaka la mwanzo rudi kwenye nakala mama.

## Hatua ya 7: Chagua kama unachuja au unakata

Kuchuja ni kusema nipe vitu vyote vinavyogusa boksi. Barabara inayoanzia ndani na kuishia nje unaipata nzima. Kukata ni kusema kata pale kwenye ukingo. Kwenye `ogr2ogr`, `-spat` inachuja na `-clipsrc` inakata. Ukijumlisha urefu wa barabara baada ya kuchuja tu utapata kilometa nyingi kuliko zilizomo ndani, na ukihesabu idadi ya vitu baada ya kukata unaweza kukuta kitu kimoja kimekuwa vipande. Amua kwanza unahesabu nini.

Kwa picha za setilaiti komandi ni `gdalwarp -te 43.1 -25.7 50.6 -11.9 -te_srs EPSG:4326 picha.tif kipande.tif`. Hiyo `-te_srs` usiiache, bila hiyo namba zinasomwa kwa mfumo wa picha inayotoka, na picha nyingi za setilaiti ziko kwenye UTM.

Kwenye PostGIS alama ya `&&` inalinganisha maboksi tu, haiangalii umbo halisi. Ni ya haraka sana kwa sababu inatumia indeksi ya GiST. Ila mto unaopita kimshazari una boksi kubwa lenye nafasi tupu nyingi, boksi lake litagusa lako wakati mto wenyewe uko mbali. Ukitaka uhakika tumia `ST_Intersects`, yenyewe inaanza na maboksi kupitia indeksi afu inaangalia umbo.

Vilevile kwa ile kazi ya kilometa 5 kutoka nukta: kona ya boksi iko kilometa 7.07 kutoka katikati. Kwa hiyo boksi ni la kupunguza data, umbali wenyewe upime baadaye kwa kila kitu kilichobaki.

Kama unavuta data moja kwa moja kutoka OpenStreetMap kwa kile kiunganishi cha kuhariri, boksi lisizidi digrii za mraba 0.25 na nukta 50,000. Madagaska ni digrii za mraba 103.5, usijaribu. Pakua faili ya nchi nzima afu ukate na osmium.

## Hatua ya 8: Ukivuka mstari wa 180

Kama eneo lako halipo Pasifiki wala kwenye ncha za dunia unaweza kuiacha hii.

Visiwa vya Fiji viko pande zote mbili za mstari. Vya magharibi viko karibu na 177, vya mashariki vinafika -178. Ukimpa kompyuta atafute ndogo na kubwa, atakuletea boksi linalozunguka dunia karibu nzima, wakati eneo lenyewe lina upana wa digrii 5 hivi.

GeoJSON inaruhusu magharibi iwe kubwa kuliko mashariki, `176.8` upande wa magharibi na `-178.1` upande wa mashariki, na maana yake ni kwamba boksi limevuka mstari. Kwa hiyo ukikuta magharibi kubwa usikimbilie kuzigeuza. Ila programu nyingi hazielewi hivyo, zitakupa tupu au zitakupa upande wa pili wa dunia.

Njia ambayo haijawahi kuniangusha ni kugawa maboksi mawili: moja 176.8 hadi 180, lingine -180 hadi -178.1, latitudo zilezile. Unauliza mara mbili, unaunganisha majibu, unatoa vilivyojirudia. Kwenye PostGIS weka `ST_MakeEnvelope` mbili na `OR` katikati.

Kwenye ramani za Leaflet kuna kingine, mtumiaji akiburuta ramani mpaka ikazunguka dunia, `getBounds` inaweza kukupa longitudo kama 230. Rudisha ndani ya -180 na 180 kabla hujatuma kwa seva, na ukisharudisha angalia tena kama boksi limevuka mstari.

## Ukikwama, anzia hapa

Umeangukia baharini karibu na 0 na 0: mfumo umekosewa, au kuna nukta tupu kwenye data.

Umeangukia mahali pengine kabisa lakini ukubwa unaelekea kuwa sawa: longitudo na latitudo zimegeuzwa.

Majibu ni matupu na hakuna kosa lililoandikwa: angalia kusini na kaskazini, hasa kama ni hasi, afu mfuatano.

Ramani imesogea karibu mpaka mwisho na huoni kitu: boksi halina upana, pengine lilitoka kwenye nukta moja. Kwenye Leaflet weka `maxZoom` ndani ya `fitBounds`, au lipanue boksi mwenyewe kwa njia ya hatua ya 3.

Ukingo mmoja umekatika kidogo: ulikata desimali kuelekea ndani, au ulihamisha kona mbili tu.

Na kama unaomba msaada kwa mtu, mtumie ile mistari mitano ya hatua ya 1 pamoja na komandi uliyoandika, neno kwa neno. Picha ya skrini yenye ramani tupu haitamsaidia kuona namba ipi imekaa mahali pa nyingine.